Mafuta ya Maganda ya Korosho

Fundi akitia mafuta cherehani yake, viganja huniwasha. Bunduki ndogo ya babu, ya kuwindia kanga, ilinukia hivyohivyo. Aliipangusa kwa fulana ya mtumba, akinionyesha namba za kwenye mtutu.

"Namba hizi ndizo mwaka wake wa kuzaliwa. Huyu kaka yangu, kazaliwa kabla yangu."

Siku moja, babu hayupo, nikataka kumsaidia. Nikaipaka mafuta ya maganda ya korosho, kama mama alivyopaka miimo ya milango kuzuia mchwa. Wenzo wa kukokia ukanata, ukagoma kabisa. Ngozi ya viganja vyangu ikaanza kuungua kwa mafuta yale. Babu akaingia.

"Shikamoo, babu," nilisema, mikono mgongoni.

"Marahaba."

Akaichukua bunduki, akainusa. Akaniangalia. Mlango ulikuwa mmoja tu, nyuma yake.

"Salamu gani hiyo? Nipe mkono, mjukuu wangu."