Kamba Nyekundu, Kila Mtu na Yake

Katikati ya miaka ya sabini, mimi na mwenzangu Mganda tulisoma chuo kimoja Stockholm, na tulitamani sana kwenda kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, kwenye milima ya kaskazini wakati wa Pasaka. Mama wa Kiswidi aliyetufundisha kuteleza alisema ataamua Jumamosi kama tunafaa, kwenye kilima nyuma ya maghorofa ya mtaa wetu wa Tensta. Alitaka tumwite kwa jina. Kwa adabu za kwetu ulimi ulitushinda, tukabaki na "mwalimu".

Alianza kwa koleo. Alichimba ukingo wa theluji akatuonyesha: chini tabaka la zamani, gumu, lenye utelezi, juu yake theluji mpya iliyorundikwa na upepo. Fikiria godoro zito juu ya paa la bati. Linatulia tu, mpaka mtu alikanyage; hapo linaporomoka naye na kumfukia. Basi ukisikia theluji ikiguna chini yako, au ukiona nyufa zikikimbia mbele ya skii, rudi ulikotoka. Si aibu.

Kisha akatupa kamba nyekundu, nyepesi na ndefu, kila mtu na yake. "Jifungeni kiunoni," akasema, akaenda kujimiminia chai.

Aliporudi alitukuta tumefungana sisi kwa sisi.

"Hii nini?"

"Mwalimu, kwetu mtu husindikizwa," nikamweleza. "Nitamwachaje ndugu yangu avuke mteremko peke yake?"

"Mimi nimemfunga Mtanzania huyu asinitoroke," mwenzangu akadakia.

Alicheka hadi chai ikamwagika. Halafu akaeleza polepole. Kamba huburutwa nyuma ikiwa huru. Theluji ikikufukia, huenda kipande kikabaki juu, wenzako wakakifuata hadi ulipo. "Mkifungana mtafukiwa wote. Nani atachimba?" Mteremko wa hatari watu huuvuka mmoja mmoja, na wengine husimama mahali salama bila kumwondolea jicho.

"Kumbe ni kumsindikiza kwa macho!" mwenzangu akasema. "Hilo tunaliweza."

Akatangulia, kamba ikimfuata kama mkia.

"Unaniona, ndugu yangu?"

"Nakuona, bwana! Tazama mbele!"

Akageuka kunipungia mkono, akaporomoka. Papo hapo mwalimu akasimama mbele yangu, akanikinga nisione.

"Ameangukia wapi?" akanipima.

"Chini ya kichaka kile, upande wa kushoto."

Akageuka, akahakikisha. "Mnafaa. Kateni tiketi za treni ya kaskazini," akasema.

Kutoka kichakani sauti ikapanda: "Jamani, mkishamaliza kunisindikiza, njooni mnitoe!"