Fungu la Tatu

Waliokuwepo siku ile ni hawa: baba mkubwa, mwenye nyumba; mama mkubwa, mke wake; wakala wa magari, aliyefika na treni ya Tabora asubuhi ile ile; fundi mwashi, jirani yetu Mrundi, aliyekuja kuazima toroli; mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuwa akimenya karanga kwenye ungo; na mimi. Nawataja wote kwa sababu kwetu ng'ombe hatoki zizini kwa maneno ya watu wawili. Lazima awepo wa tatu wa kuja kusema baadaye, nilikuwepo, nilisikia. Babu alipohama na mifugo kutoka Usukumani hadi huku Mpanda, alihama na sheria hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alifariki nikiwa kidato cha kwanza, baba akamfuata mwaka uliofuata, na sisi wanne tukahamia kwa baba mkubwa, mtaa wa Shanwe. Niliacha shule nikawa napima sukari na kuuza sabuni dukani kwake ili wadogo zangu wasiache. Baba alituachia ng'ombe, siku ile wakiwa kumi na tisa, wote wamekatwa sikio la kushoto, wakabaki zizini upande wa Ilembo. Mpango ulikuwa mmoja tu na kila mtu aliujua: kila Januari auzwe mmoja, alipe ada. Mdogo wangu mwenye ungo wa karanga alikuwa amefaulu na alitakiwa kuanza kidato cha kwanza. Nyuma yake walikuwa wawili.

Nataka niseme na hili mapema. Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Usiku mama alipozidiwa, ni yeye aliyemfunga kwenye baiskeli na kuikokota hadi hospitali, akarudi viatu vimejaa damu ya malengelenge. Alitulisha wote wanne na hakuwahi kutuhesabia vijiko. Mtu wa namna hiyo utamkatalia kitu kwa mdomo gani?

Alitaka gari jipya. Lile la zamani alilinunua kwa mtu, likamlaza porini mara tatu, akaapa hatavaa tena kiatu kilichovuliwa. Sasa wakala alikuwa ameweka mezani kitabu cha karatasi zinazoteleza, zenye picha za gari dogo lililoinuka, fupi, la kijana, linalojifanya gari la wawindaji. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Ndiyo maana niliitwa kutoka dukani.

"Kaa hapa," baba mkubwa aliniambia. "Yeye aseme, wewe usome. Nione kama mdomo na karatasi vinakwenda pamoja."

Wakala akacheka. "Mzee, huniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nimekupa kiti."

Gari lilikuwa moja, lakini liliuzwa kwa namna tatu. Wakala aliziita pakeji. Baba mkubwa aliziita mafungu, kama nyanya za sokoni. Fungu la kwanza lilikuwa gari lenyewe: rimu za chuma, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, na nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu ya mbele tu. La pili liliongeza kiyoyozi, redio ya kaseti na madirisha ya kubonyeza. La tatu lilikuwa na hayo yote, na nguvu kwenye magurudumu yote manne, na rimu zinazong'aa, na ngao ya chuma mbele, na paa linalofunguka.

"Paa linafunguka?" Mama mkubwa aliacha kupepeta mchele. "Nyie mnanunua gari au sufuria yenye mfuniko?"

"Mimi mtu akiniambia paa la nyumba yake linafunguka," fundi akasema, "huwa nachukua ngazi na misumari."

"Mkae kimya, watu wa kuchekacheka." Baba mkubwa alivuta kitabu karibu, ingawa alikuwa akitazama picha tu. "Mimi nataka magurudumu manne. Masika, pale Sitalike hupiti bila manne. Basi nipe fungu la kwanza, nitolee magurudumu kwenye la tatu, na redio kwenye la pili."

"Pakeji haivunjwi, mzee. Imefungwa kiwandani."

"Hata dagaa nachagua!"

"Dagaa hawatoki kiwandani."

Mimi niliendelea kusoma. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, kwa hiyo nilisoma polepole na maneno mengine nikayaruka. Ukurasa wa mwisho, chini, kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kama chawa. Niliusoma mara tatu kabla ya kufungua mdomo.

"Baba, hapa wanasema magurudumu manne yanaweza kuongezwa peke yake. Kwenye fungu lolote."

Wakala alinyoosha mkono akachukua kile kitabu, akasoma, akakirudisha. "Ipo, ndiyo. Ila huchelewa sana kufika. Sikutaka kumchosha mzee."

"Ah!" fundi akasema. "Huyu msichana ana macho."

Baba mkubwa alikuwa na fedha za fungu la kwanza, taslimu, mauzo ya ngozi na ng'ombe wake mwenyewe. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Akaniambia nimgeuzie hesabu iwe ya ng'ombe, maana fedha nyingi namna ile hakuweza kuziona kichwani, ng'ombe aliwaona. Niligeuza. Fungu la kwanza na magurudumu manne: anapungukiwa ng'ombe watatu. Fungu la tatu: kumi na mmoja.

"Watatu, baba," nilisema. "Watatu tu, na masika unapita."

Nilidhani nimemaliza. Lakini yeye alikuwa amesimama kwenye picha ya fungu la tatu. Ndani ya picha kijana wa Kizungu alikuwa amesimama katikati ya gari, kichwa na mabega yametokeza juu ya paa, nywele zinapeperuka, anacheka.

"Huyu ni nani?" baba mkubwa aliuliza.

"Ndiye mwenye gari," wakala akajibu haraka.

Baba mkubwa alimtazama yule kijana kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa ameswaga ng'ombe wa wengine kwa miguu tangu utoto, amekula vumbi la kila kundi lililopita wilaya hii. Niliona uso wake, na nikajua kabla hajasema.

"Hao kumi na mmoja watatoka wapi?" mama mkubwa aliuliza.

"Wale wa sikio."

Mdogo wangu aliacha kumenya karanga.

"Hao ni wa ada, baba," nilisema.

"Najua ni wa nini. Marehemu alikuwa mdogo wangu kabla hajawa baba yako. Sichukui, nakopa." Aligeuka kunitazama, tena kwa upole. "Kwani wewe hutaolewa? Siku wakija kukuposa, mahari yako itaingia zizi lile lile. Wadogo zako hawajapoteza kitu."

"Mzee kapiga hesabu!" wakala akapiga paja.

"Haya, bibi harusi," mama mkubwa akasema, "mpe mtu kalamu."

Nilikaa pale na kitabu magotini nikajiona nimo ndani yake, kwenye orodha, kati ya redio na rimu. Nikikataa kuolewa, wadogo zangu hawarudishiwi. Nikiolewa, ni mimi ninayelipa. Na kusema hapana palepale, mbele ya mgeni, chini ya paa lake, sikuweza. Kitu pekee nilichopata kusema ni hiki:

"Basi tuandike."

"Waandike," fundi akaunga mkono. "Kwetu kule kambini kwa wakimbizi tuliandika hata jembe."

Nilichana karatasi ya daftari nikaandika kwamba baba mkubwa amekopa ng'ombe kumi na mmoja wa watoto wa marehemu ndugu yake, na watarudi mahari yangu itakapolipwa. Nikaisoma kwa sauti. Wote wakaweka dole gumba kwa wino wa muhuri wa duka. Kisha baba mkubwa akanisogezea fomu ya wakala, na kwa kalamu ile ile nikaweka alama kwenye kisanduku cha fungu la tatu. Mkono ulikuwa wangu.

Mnunuzi wa ng'ombe alichagua mwenyewe pale zizini, na alijua kuchagua. Kati ya kumi na mmoja, tisa walikuwa majike, na watatu kati ya hao walikuwa na mimba. Walibaki wanane, wengi wao ndama na maksai wazee.

Gari lilifika miezi mitano baadaye, limefungwa minyororo juu ya behewa la wazi. Nusu ya mji ilikuwa stesheni. Jumapili iliyofuata tulipanda: baba mkubwa mbele, mama mkubwa pembeni yake, mimi nyuma. Tulipita Sitalike, tukavuka daraja, na porini, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutuona isipokuwa viboko, baba mkubwa alisimamisha gari akafungua paa. Alisimama kwenye kiti, akatoa kichwa.

Mbung'o waliingia kama wamealikwa. Kila aliyewahi kuchunga upande ule anajua mbung'o hufuata gari linalotembea, na baba mkubwa alijua kuliko wote. Alisahau tu. Walituuma shingoni, mgongoni, kupitia nguo. Mama mkubwa aliwapiga kwa kanga huku akipiga kelele:

"Hii ndiyo hewa uliyoongezea ng'ombe wanane juu ya wale watatu? Hao wanane wanauma!"

Nilicheka hadi machozi, hadi nikakumbuka wale wanane walikuwa wa nani. Paa halikufunguliwa tena. Mvua za kwanza lilivuja, na fundi aliitwa kuliziba kwa lami.

Mdogo wangu alikwenda shule. Januari hiyo aliuzwa mmoja, na Januari iliyofuata mmoja, na wa tatu alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Watu walikuja kuniulizia. Wa kwanza nilimkataa kwa sababu kitinda mimba wetu alikuwa bado analala akishika nguo yangu. Baba mkubwa hakunilazimisha. Alisema tu, "Ni wewe unayechelewesha ng'ombe wa wenzako," na ilikuwa kweli, na ndiyo iliyouma.

Mwaka wa tatu alikuja mkulima wa mpunga wa Ilembo, mtu mtulivu, asiye na mifugo mingi. Nilimpenda, lakini sitasema nilikubali kwa hilo peke yake. Walielewana ng'ombe saba. Nilidai waswagwe moja kwa moja hadi zizi letu, na wakaswagwa. Maksai wanne, madume wadogo wawili, na jike mmoja tu, mtamba ambaye hajazaa bado.

"Saba," baba mkubwa alisema. "Wamebaki wanne."

"Baba, waliotoka walikuwa majike tisa. Wangekuwa wamezaa. Kundi lingekuwa zaidi ya ishirini sasa."

Hakubisha. Alikwenda garini akatoa ile karatasi, imekunjwa pamoja na vitabu vya gari. "Soma."

Nilisoma. Ng'ombe kumi na mmoja. Hapakuwa na neno jike. Hapakuwa na neno uzao. Mtoto yeyote anayechunga asingeacha kusema "na uzao wao," na kama tungelisema tu kwa mdomo mbele ya watu, wazee wangehesabu ndama bila kuulizwa, maana ndivyo inavyokuwa siku zote. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kusoma kitabu cha wakala, kitu na idadi yake, na nikaandika vile vile. Sasa karatasi ilikuwa na nguvu kuliko desturi. Fundi aliitwa. Alinitazama kwa huzuni.

"Dada, mimi nitasema nilichosikia. Ulisoma kumi na mmoja."

Alikuwa shahidi mwaminifu. Sikuweza kumlaumu.

"Na hao wanne waliobaki?" niliuliza.

"Mdogo wako naye ni msichana," baba mkubwa alisema. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu aliyekumbuka ana gunia jingine ghalani.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, yuko bweni, hakuwepo kusikia.

"Hapana," nilisema. "Hao wanne nitawarudisha mimi."

"Wewe? Deni ni langu."

"Basi nipe hilo deni. Lakini yeye asiingie kwenye karatasi."

Alikuna kichwa. Alimtazama fundi, akamtazama mkewe.

"Mwache," mama mkubwa akasema, na mara hii hakutania. "Mpe anachotaka."

Tuliandika nyingine. Safari hii wanaodai walikuwa wadogo zangu na anayedaiwa nilikuwa mimi, na sikutaka wapunjwe mara mbili. Niliandika: majike wanne, na uzao wao tangu leo. Mume wangu, aliyekuwa na siku tisa tu za kuitwa mume, alisoma juu ya bega langu.

"Uzao pia?" aliuliza.

"Uzao pia."

Alivuta pumzi, akaweka dole gumba.

Tumevuna mpunga mara mbili tangu hapo. Mavuno ya kwanza yalikwenda na mafuriko. Ya pili tulinunua mtamba mmoja mwekundu, nikampeleka zizini mwenyewe kwa miguu, na mdogo wangu wa kiume akamkata sikio la kushoto. Dada yake anamaliza shule mwaka huu, na tayari kuna watu wamemuulizia kanisani. Nimewaambia wasubiri. Wamebaki majike watatu, na uzao wao wa miaka miwili.