Rhobi Aliyeitwa Mjane

Huko Butiama, Rhobi aliitwa Mjane ilhali mumewe, Eliud, alikuwa mzima wa afya, akiuza vipuri vya baiskeli mjini Bunda. Nywele zake zilinyonyoka kwa mabaka hadi kichwa kikabaki kipara, na kwao mwanamke hunyolewa hivyo anapofiwa na mume. Mama mkwe wake, Marcelina, aliona huo ni uchuro, akakataa kula chakula cha mkono wake.

"Unamzika mwanangu akiwa hai!"

Mwingine angefungasha virago. Rhobi alimwomba kwa upole wafuatane kliniki, mjini Musoma.

Daktari aliwaeleza kwamba kinga ya mwili hujifunza kuvumilia viungo vya mwili wenyewe. Ya Rhobi ilikuwa imeacha kuitambua mizizi ya nywele, ikaishambulia kama adui. Zipo sindano na vidonge vya kuituliza, na wataalamu wanatafuta namna ya kuirudishia uvumilivu huo. Nywele zaweza kuota, kisha zikadondoka tena.

"Kwa hiyo hakujinyoa?" Marcelina aliuliza.

"Hapana, mama. Wala hajalogwa."

Rhobi alichomwa sindano kichwani, akauma meno. Walipofika nyumbani alivua kitambaa alichojifunga kichwani mbele ya watu wote wa nyumbani, akainjika maji ya ugali.

"Nilikuwaga nakuogopa, mkamwana," Marcelina alisema, akivuta kigoda. "Leo naogopa njaa tu. Dagaa ya kulia ugali iko wapi?"

Rhobi akasonga ugali hadi ukaiva, akaupakua, akamnawisha mama mkwe wake mikono.