Umuvure wa Baba kwenye Jumba la Kaka

Kaka yangu anaishi katika jumba la zamani katikati ya Dar es Salaam, jumba la ghorofa lililojengwa na mfanyabiashara fulani enzi za mkoloni, ambalo amelikarabati kwa gharama kubwa ili liendelee kuonekana bovu. Sisemi kwa wivu. Nimelala humo, nimeyaona. Sebuleni kuna ukuta uliobanduliwa lipu hadi mawe ya ndani yanaonekana, na juu yake wamefunga taa ya kuumulika huo ubovu. Nilipomuuliza mke wake kama fundi aliishiwa saruji, alinihurumia kwa macho. "Hiyo ndiyo historia ya nyumba, wifi," alisema. Kwetu Nyamiaga, kule Ngara, historia ya namna hiyo tunaiziba kwa udongo kabla mgeni hajafika.

Nyungo za kwetu zimetundikwa ukutani zikiwa zimepangwa kama picha za watakatifu. Ungo ukikaa ukutani muda mrefu hivyo, kwetu watu wanajua kwamba nyumba hiyo haina cha kupepeta. Jiwe la kusagia la bibi linazuia mlango wa jikoni usijifunge. Jikoni humo hakuna anayesaga kitu. Kahawa yenyewe, sisi wa Kagera tunaoilima, inatoka kwenye mashine inayonguruma kama mtu mwenye mafua. Nilinywa kikombe kimoja. Kilikuwa kichungu bila sababu.

Lakini sikusafiri kutoka Ngara, mgongo ukiniuma njia nzima, kwenda kukagua nyumba ya mtu. Nilitumwa na mama kuufuata umuvure wa baba.

Umuvure ni gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi, la kukanyagia ndizi mbivu. Ndizi zinakanyagwa humo pamoja na majani mpaka zitoe maji, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba, na pombe inachacha humo humo. Wa kwetu baba aliuchonga mwenyewe kabla hajamwoa mama. Hakuruhusu sabuni iuguse hata siku moja. Mti ule ulikuwa umekunywa pombe miaka yote ya ndoa yao, na ulikuwa unairudisha kidogo kidogo katika kila pombe mpya. Ndiyo maana pombe ya baba ilikuwa na uchachu wake, mkali mwanzoni, halafu unalainika kooni, na mtu aliyewahi kuinywa aliijua popote. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo.

Baba alipofariki, mama alisema jambo moja tu kuhusu siku ya kumaliza msiba. Alitaka inywewe pombe ya mumewe. Si pombe tu, ile. Alitaka aionje mara ya mwisho, kisha amwache aende.

Kaka alikuja mazishini na gari kubwa. Wakati wa kuondoka aliuzunguka umuvure, akaupigapiga kwa kidole, akasema una ufa upande mmoja na yeye anamjua fundi mzuri mjini. Ufa ulikuwepo kweli. Baba alikuwa akiuziba kwa nta. Mama akafurahi, umuvure ukapakiwa garini. Alinieleza jioni ile kwamba afadhali mwanawe ameona mwenyewe, bila kuombwa. Tangu hapo kila tukipiga simu tunaambiwa uko kwa fundi. Siku ya kumaliza msiba ikakaribia, uko kwa fundi. Ndipo nikapanda basi.

Nilipoutaja, kaka alicheka kwa furaha, akanishika mkono. "Njoo uone nilivyomuenzi mzee."

Alifungua mlango wa choo cha wageni.

Umuvure ulikuwa umewekwa juu ya miguu ya chuma, umepigwa msasa na vanishi mpaka unang'aa. Juu yake kulikuwa na mabomba ya shaba. Ufa ulikuwepo vile vile, hawakuugusa, nadhani nao ulikuwa historia. Chini, mahali ambapo pombe ilikuwa inatulia na kuchacha, kulikuwa na tundu la mviringo lililotobolewa kwa mashine na kuunganishwa na bomba la maji machafu.

"Wageni wote wanauliza habari zake," alisema.

"Kaka, watu wanatoka kujisaidia wananawia humu?"

"Wananawa mikono tu! Usiwe mshamba bwana."

Niliinama nikaunusa. Ulinukia sabuni ya limao. Nilitamani kumzaba kofi mtu mzima mwenye mvi, na ningekuwa mkubwa wake ningemzaba. Yeye aliniona nimeinama akadhani nimeguswa, akasema kama shida ni pombe ya mama, atamnunulia sufuria kubwa la alumini, zuri kabisa, halipasuki. Usiku ule nililazwa katika chumba chenye kitanda cha nguzo nne na chandarua kisichozuia mbu. Kilikuwa cha urembo.

Nyumbani mama alinisubiri kwenye mgomba wa mbele. Hata shikamoo yangu aliiitikia harakaharaka. Alitazama nyuma yangu kama kuna gari linalofuata.

"Uko wapi?"

Nikamweleza. Sikumficha choo, wala sabuni. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Wameutoboa?"

"Wameutoboa, mama."

"Pakubwa?"

"Bomba limepita."

Alikwenda jikoni akaendelea kukaanga mtama. Nilimsikia akikoroga muda mrefu kuliko mtama unavyohitaji.

Umuvure tuliuazima kwa jirani yetu, mwanamke ambaye familia yao ilikuja kutoka Burundi wakati wa kambi ya wakimbizi ya Lukole wakabaki kulima nasi. "Chukueni, si wenu pia?" alisema, na mume wake akaja kutukanyagia ndizi. Alikanyaga vizuri, mtu wa watu yule. Kwetu kibuyu cha kwanza ni cha mwenye umuvure, basi siku ilipofika jirani alitengewa cha kwanza, akakipokea kwa mikono miwili.

Kaka alifika na rafiki yake wa mjini aliyevaa kofia ya majani. Kabla hajatoa hata pole, rafiki alipiga picha jiko letu la udongo na kuuliza kama mlango wake unauzwa. Nilimwelekeza upande wa kamba za kuanikia nguo, akapiga picha huko pia.

Mtungi uliletwa katikati, mirija ikatiwa. Mama, kama mjane, alianza. Alivuta kidogo, akakaa na ile pombe mdomoni, na mimi niliyekuwa karibu yake niliuona uso wake ukiitafuta ladha na kuikosa. Akameza. Akampisha mwanawe wa kwanza.

Kaka akavuta mkupuo mrefu. Akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu, kisha akamgeukia rafiki yake kwa sauti ya kusikika na wote.

"Umeona? Hii sasa ndiyo pombe ya mzee wetu. Ladha ile ile. Ningeijua popote."

Wazee wakatazama chini. Jirani akashusha kibuyu chake magotini. Mimi nilisikia aibu ya kuzaliwa naye tumbo moja, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini mama aliniwahi. Alizungumza polepole, bila ukali, kama anavyomweleza mtoto njia ya kisimani.

"Hii ni pombe ya jirani, mwanangu. Ya baba yako uliimwaga wewe."

Kisha akaomba mrija upitishwe kwa anayefuata.