Mkwe Wangu na Mfuko wa Tumboni

Ukifanyiwa upasuaji wa utumbo, watu wanaokuja kukupa pole wanaulizia kidonda. Hakuna anayeulizia choo. Kidonda changu kilipona mapema, kovu likakauka vizuri, na wageni wakasema nina damu nzuri. Shida ilibaki kwenye choo. Madaktari hapa Mbeya walikuta saratani chini kabisa kwenye njia ya haja kubwa. Wakaiondoa pamoja na njia yenyewe, kisha wakautoa utumbo ukachungulia nje upande wa kushoto wa tumbo. Juu yake nabandika mfuko, na haja inaingia humo muda wowote inaotaka bila kuniomba ruhusa. Nitakuwa hivyo maisha yangu yote, na siku hizi nalisema bila kushusha sauti.

Wakati ule sikuweza kulisema. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Mwanangu anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Lusaka, na akikwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma hakuna ajuaye atarudi lini. Nyumbani kwetu Uyole tulibaki mimi, mke wa mwanangu, na binti yao mchanga ambaye hata kukaa alikuwa hajaanza. Mtu mwingine angesema nina bahati, nina mkwe wa kuniuguza. Lakini sisi ni Wanyakyusa. Kwetu Rungwe, wewe na mke wa mwanao hamtazamani. Hakai ulipokaa, hakupi mkono, na akikuona unakuja njiani anapinda pembeni mpaka upite. Ndiyo heshima yenyewe.

Vijana wa mjini wameilegeza mila hii. Dada yangu mkubwa hajailegeza hata kidogo, na tangu wazazi wetu waondoke yeye ndiye mwenye sauti katika ukoo. Mwanangu alipoleta mchumba kutoka Iringa, dada alimkubali kwa shingo upande. Wahehe wana heshima yao, alisema, ila hawaijui ya kwetu, na siku binti huyo akimvunjia mdogo wangu heshima nitampandisha basi mimi mwenyewe arudi kwao. Binti akaisikia kauli hiyo. Akajifunza ya kwetu na kuishika kuliko hata wake waliozaliwa Tukuyu.

Akitaka kuniambia neno alimwambia mtoto. Alisimama nje ya mlango wangu, mtoto mgongoni, akasema, mwambie babu uji uko mezani, kisha akaondoka zake. Mtoto mwenyewe hakuwa na jino hata moja. Na mimi nilimjibu mtoto, nikamshukuru kwa kupika uji usio na madonge. Tuliishi hivyo, kila mtu upande wake wa mlango, na nathubutu kusema tulipendana.

Baada ya upasuaji nilianzishiwa dawa za dripu za kumaliza mabaki ya saratani. Daktari akanionya kwamba dawa hiyo haipatani na baridi. Aliniambia hivyo mwezi wa sita, hapa Mbeya, ambapo asubuhi hata ng'ombe wanatoa moshi mdomoni. Nikigusa maji ya bomba nilipigwa mikononi kana kwamba nimeshika waya wa plagi injini inaunguruma. Nikinywa kitu cha baridi koo lilibana nikadhani nakata roho. Baadaye ganzi ikaingia kwenye vidole vya mikono na miguu na haikutoka. Mimi ni fundi wa malori. Nimefungua nati ambazo sizioni, kwa kupapasa tu, nikiwa nimelala chini ya gari, na sasa nilishindwa kufunga kifungo cha shati.

Mfuko nao unataka vidole. Una kibandiko cha kushika ngozi, na lazima ukate kwenye hicho kibandiko tundu linaloenea utumbo wako. Ukikata kubwa, haja inagusa ngozi na kuiunguza. Ukikata dogo, linaubana utumbo. Mkasi ulikuwa ukinidondoka, na matundu yangu yakawa ya ovyo. Juu ya hayo dawa ikaanza kuniendesha tumbo, choo kikawa maji matupu, mfuko ukawa unavuja mara kwa mara. Ngozi inayouzunguka utumbo ikachubuka, ikawasha kama imepakwa pilipili.

Nikaamua kufa na tai shingoni. Nilivaa koti hata ndani ya nyumba, nikafua mashuka yangu mwenyewe na kuyaanika nyuma ya banda la kuku, nikawa namjibu mtoto kwamba babu hajambo kabisa. Nikapunguza kula. Baadaye nikapunguza hata kunywa, nikiamini kwamba mfuko usipoingiza kitu hautavuja. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: dripu inayofuata siendi. Nitarudi Rungwe nikafe na adabu yangu, kuliko kukaa hapa mpaka mke wa mwanangu aje aokote mavi yangu na dada yangu amfukuze kwa sababu hiyo.

Asubuhi moja sikuinuka. Nilijaribu kusimama, miguu ikakakamaa, nikaanguka kando ya kitanda, ulimi umekauka. Nilimsikia mkwe akija mlangoni. Muulize babu kama ameamka, akamwambia mtoto. Muulize babu kama anataka uji au chai. Nilisikia kila neno lakini sauti haikutoka. Akazunguka dirishani, pazia lilikuwa limeshushwa. Akarudi mlangoni. Muulize babu kama nikaite watu. Mlango haukuwa na komeo, ungeusukuma kwa kidole ukafunguka. Hakuusukuma. Alitoka mbio kutafuta mwanamume wa kuingia chumbani kwa baba mkwe, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko wanaume wa jirani hawakuwepo. Mpaka anampata mzee mmoja kinyozi kule barabarani na kumleta, jua lilikuwa limeshapanda.

Hospitalini waliniwekea maji siku baada ya siku. Daktari aliniambia ningechelewa kidogo tu figo zingegoma. Kisha akauliza nani anaishi na mimi, na kwa nini huyo mtu hakuingia chumbani. Daktari yule alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Sikujua nianzie wapi kumweleza, nikamwambia tu kwamba mlango ulikuwa mgumu.

Siku niliyorudishwa nyumbani nilikuwa nimelala, nikasikia hatua zake zikisimama nje ya mlango kama kawaida. Nikangoja amsemeshe mtoto kwanza. Lakini siku hiyo mtoto hakuwa mgongoni, alikuwa amelala chumbani kwao.

"Baba," akasema. Tangu aolewe hakuwahi kuniita. "Siku ile nilisimama hapa na mkono wangu kwenye kitasa. Ungekufa, ningekufa na mimi nikiwa naishi. Kesho naingia kukubadilisha mfuko."

Nikamwambia dada yangu akisikia atamrudisha kwao.

"Basi nitarudi kwetu nikijua kwamba u mzima," akasema, na akaenda kuendelea na kazi zake.

Sikujua nifanye nini. Kumkatalia binti wa namna ile ni ukatili, na kumkubalia ni kumtia matatani. Kesho yake alipobisha hodi nilichukua kitenge cha marehemu mke wangu nikajifunika kichwa chote mpaka shingoni, tumbo nikaliacha wazi. Mila inasema tusitazamane. Juu ya tumbo haijasema lolote, na mimi ni fundi, nimezoea kutafuta njia ya kupitisha waya pasipo na njia.

Akaingia. Nilisikia akiweka beseni, nikasikia maji ya vuguvugu. Nadhani aliitazama kwanza ngozi ilivyochubuka, kisha akavuta pumzi na kuanza kazi. Alinifuta taratibu, akanikausha kwa kitambaa laini, akapima utumbo kwa kipande cha karatasi ya pakiti ya unga na kukata tundu kwa kufuata kipimo hicho. Aliliuliza tumbo, wala si mimi: hapa panauma? Nami nikajibu kutoka ndani ya kitenge kwamba panauma kidogo. Nililia mle ndani. Nililia kwa aibu mwanzoni, halafu nikalia kwa sababu tangu mke wangu afariki hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kwa upole.

Tukaendelea hivyo. Ngozi ikapona. Alijua kwa kunitazama mfuko kwamba ndizi mbivu na wali bokoboko vinakifanya choo kishikamane, kwamba viazi havina neno, na kwamba maharage ni adui. Hilo la maharage nililijua kanisani. Mchungaji alisema tuombe, watu wakatulia, mfuko wangu ukaunguruma kwa kirefu chini ya koti, na mzee niliyekaa naye benchi akasogea pembeni akiwa amefumba macho. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mtoto kwa sauti. Nikamsikia mama yake jikoni akicheka mpaka akapaliwa.

Siku moja nikanyoosha mkono kufungua mlango, nikikaza meno kwa sababu ya chuma cha baridi, nikakuta kitasa kimevishwa kitambaa. Nikaenda bombani, na koki nayo imevishwa. Vijiko vya chuma vilikuwa vimetoweka, mahali pake upo mwiko mdogo wa mti. Hakuniambia kitu. Nilirudi kwenye dripu, nikazimaliza zote.

Dada yangu hakujua. Akipiga simu tulimwambia kwamba mwanangu ndiye anayenihudumia, na mwanangu naye akatusaidia kudanganya kutoka Zambia. Nilikuwa naogopa siku ambayo angejua kuliko nilivyoiogopa saratani yenyewe, maana saratani ingenipata mimi peke yangu.

Basi mdogo wake wa kike mkwe wangu akapata mchumba, na wazazi wao wakatualika Iringa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Dada akashuka kutoka Tukuyu kuuwakilisha ukoo. Kwenye basi alikaa kati yangu na mkwe, na kuanzia Mbeya mpaka Iringa mimi na mkwe wangu hatukubadilishana hata salamu. Tulipofika tukapokewa vizuri sana. Kamwene hapa, kamwene pale, ndiyo salamu ya Wahehe, viti vya mbele, na sahani iliyojaa mpaka pembeni. Ukiwa ugenini kwa wakwe huachi chakula. Nilimwona mkwe kwa mbali akitikisa kichwa sahani ya maharage iliponifikia, lakini mwenyeji alikuwa amesimama ananitazama. Nikala yote.

Wazee walipoanza kumpa nasaha binti, mfuko ulikuwa umejaa upepo. Nikahisi kibandiko kikiachia upande mmoja, kisha joto likishuka ubavuni. Harufu ikafuata. Jirani yangu akageuza shingo. Nilikaa pale nikiomba Mungu wazee waongee mpaka watu wote waondoke. Kuinuka peke yangu sikuweza, miguu ilikuwa na ganzi bado, na viti vilikuwa vimebanana.

Mkwe wangu alikuwa upande wa pili na ndugu zake, ameshika sinia la soda. Alinitazama usoni. Akaliweka sinia chini, akapita katikati ya ukumbi, mbele ya wazee wa kwao na wa kwetu, akaja kusimama mbele yangu na kuninyooshea mkono.

"Baba, twende."

Nilimwona dada yangu akikaza macho. Ningeukataa mkono ule ningelinda jina la mkwe wangu, au hivyo ndivyo nilivyofikiri kwa dakika nzima. Kisha nikaona kwamba nikiukataa atabaki amesimama pale peke yake. Nikaushika, nikainuka, tukatoka.

Alinilaza chumbani kwa mama yake, akatoa mfuko mpya na mkasi kwenye mkoba wake na kuanza kunisafisha. Hatukuwa tumemaliza mlango ulipofunguliwa. Dada akaingia, akaufunga nyuma yake. Nikasema haraka kwamba asimlaumu, kwamba bila yeye ningekuwa kaburini, kwamba kama kuna wa kufukuzwa basi anifukuze mimi. Dada alimuuliza mkwe ameifanya kazi hii tangu lini.

"Tangu baridi ianze, shangazi," mkwe akasema, kichwa chini, kitambaa bado mkononi.

Dada alivuta kiti akaketi kando ya kitanda. Akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu, hadi nikatamani kujifunika. Hatimaye akanigeukia.

"Wewe nilikubeba mimi mgongoni, mama akiwa shambani," akasema. "Choo chako nimekiosha mtoni kabla hujajua kuniita. Ulidhani leo ningekionea kinyaa?"

Akamgeukia mkwe. "Sogea, mwanangu, na lile basi la kukurudisha kwenu ulisahau. Nionyeshe mfuko unavyokatwa, ili ukichoka nije mimi."

Mkwe akampa mkasi na kumwelekeza kukata tundu. Mikono ya dada inatetemeka kwa uzee, tundu likaenda upande. Wakacheka wote wawili, vichwa vyao vimekaribiana juu ya tumbo langu, na mimi nikalia.