Nilimufungua mbwa kengele

Rafiki zangu, leo nimeshindwa na kengele ya mti.

Mbwa wangu Kisu amekataa kuwinda tangu tumbo yangu ianze kuonekana. Nikisimama, anasimama. Nikienda kuoga, analala kwa mulango.

Mume wangu iko Nyangwe na watu wa pembe za tembo, basi mama mukwe njo alimufunga Kisu ile kengele yake ya kuwinda.

"Ili asipotee," alisema.

Na mimi nikaamini!

Siku tatu, kila nikishika mutungi kengele inalia, na mama mukwe anaita toka jikoni: "Unaenda wapi na mujukuu wangu?"

Leo asubuhi nikaelewa: kengele ni ya kunichunga mimi. Nikaifungua, nikaiweka kwa kitanda, tukashuka mutoni kimya kabisa. (Mbwa wa pori letu hawabweki, munajua.)

Pale kwa ukingo nikateleza. Nikajikuta ndani ya maji mpaka kiunoni, mutungi unaenda zake. Nataka kusimama, tumbo inakataa. Naita, hakuna mutu. Kisu hakuniacha, lakini hakutoa hata sauti moja.

Mara namuona mama mukwe anakimbia, kichwa wazi, yeye asiyetoka bila kitambaa! Akanivuta kwa mikono miwili.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nilisikia nyumba imenyamaza."

Tumbo iko salama, mutoto anapiga teke. Wenye mama mukwe kama huyu, semeni, nisijione peke yangu.

Kengele nimeirudisha mimi mwenyewe. Nimefunga fundo mbili.