Vichupa Mia Mbili na Kumi na Viwili

Jumatatu tarehe 6 Machi 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mtafiti mmoja wa mwani wa baharini alitia saini kwenye daftari la maabara yake: vichupa 212, vyote hai. Mstari unaofuata, wa tarehe 20 Machi, ni wa mkono wake pia. Unasema vichupa 19, na kalamu imetoboa karatasi.

Kati ya tarehe hizo alikuwa nyumbani kwa mama yake, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akimtia matone kila baada ya saa nne. Shangazi alikuwepo pia, kazi yake ikiwa kutoa maoni.

"Daktari gani huyu hajui hata dawa ya mafua?"

"Mimi ni daktari wa mwani, shangazi."

"Kwani mwani unaumwa nini?"

"Mwacheni mwanangu," akasema mama, jicho moja limefunikwa. "Wagonjwa wake angalau hawapigi kelele."

Mtafiti ana umri wa miaka thelathini na sita. Alipomaliza shahada ya uzamivu aliajiriwa kwa mkataba wa miaka mitatu kujibu swali moja. Mwani wa seli moja anaouchunguza una ganda gumu kama kioo na huishi kwa mwanga wa jua. Ukiutazama kwa hadubini, kila seli ni sawa na mwenzake. Ukisoma vinasaba, unakuta koo nyingi, kila ukoo na vinasaba vyake, ndani ya spishi moja, na nyingine huvumilia joto ambalo huziua zilizobaki. Alitaka kujua koo hizo ni ngapi, na zipi zitabaki bahari ikizidi kupata joto.

Kila kichupa kilianza na seli moja. Aliivuta kwa pipeti ya kioo aliyoirefusha mwenyewe juu ya moto mpaka ncha ikawa nyembamba kama unywele. Aliisafisha kwa kuihamisha kutoka tone hadi tone, mara sita, kisha akaiacha ijigawe, ukoo mmoja kwa kila kichupa. Seli ikipotea kwenye tone la tano, alianza upya. Kazi hiyo ilimchukua miezi kumi na minne. Maji yalichotwa katika vituo kumi na tisa baharini, katika msimu mmoja wa joto kali, na maji ya msimu ule hayapo tena.

Alipoondoka aliacha kila kitu kwa fundi wa maabara, ambaye wote humwita Mzee Chumvi. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye anayeandaa maji ya bahari ya maabara, na huyaonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kusoma kipimo. Hajawahi kukosea.

Alhamisi tarehe 9, mkuu wa maabara aliingia akitafuta nafasi kwenye kabati kwa ajili ya mradi mwingine. Huyu ni profesa aliyejijengea jina kwa utafiti wa samaki. Alisoma lebo. Zote zilikuwa na jina moja la spishi, kisha namba.

"Mbona vyote ni kitu kimoja?" akamwuliza fundi.

"Namba zake ni tofauti, Profesa."

"Namba ni za kuhesabia tu. Vya kituo kimoja vichanganye kwenye kichupa kimoja. Wote hao ni ndugu."

"Nimpigie daktari kwanza?"

"Anauguza. Usimsumbue."

Fundi aliuliza mara ya pili, akajibiwa vilevile, akachanganya.

Ukiweka samaki kumi wa aina moja kwenye tangi moja, jioni utahesabu kumi. Mwani hauhesabiki hivyo. Ukoo unaojigawa haraka huongezeka maradufu kwa siku, hula chakula chote na kuzifuta koo nyingine, na kwa nje maji yanabaki na rangi ileile nzuri ya kahawia. Ulipewa siku kumi na moja.

Mtafiti aliporudi na kufungua kabati, alidhani amekosea kabati.

"Vingine viko wapi, mzee?"

"Vimo humohumo."

"Humohumo wapi?"

Mzee Chumvi alimweleza. "Nilimwuliza mara mbili, daktari."

"Mimi ungeniuliza mara moja!"

Kesho yake mtafiti alimwomba mzee radhi. Anasema katika yote aliyoyasema wiki ile, hilo ndilo pekee linalomwumiza, kwa sababu lilimpata asiyestahili.

Mkuu alimpokea ofisini bila kusimama.

"Si umeshasoma vinasaba vyao?"

"Vya koo arobaini na sita. Nyingine zilikuwa zisomwe mwezi huu. Iko kwenye ratiba uliyoisaini."

"Basi soma mchanganyiko. Utapata wastani."

"Wastani wa nani? Wa walio hai na wa waliokufa?"

"Punguza jazba, dada yangu."

"Ningekuwa dada yako ungenipigia simu."

Wiki kumi zilizofuata alizitumia kutafuta masalia. Kituo cha saba kilikuwa na koo ishirini na tatu. Alitoa seli tisini na sita kwenye mchanganyiko wake, mojamoja, kwa pipeti ileile ya unywele. Tisini na tatu zilikuwa za ukoo mmoja, tatu za ukoo mwingine. Kwa vituo vyote, kati ya koo 212 alipata 34.

Kisha ikaja ripoti ya mwaka kwa wafadhili. Mkuu ndiye aliyeiandika, na chini kulikuwa na nafasi ya saini ya mtafiti. Ukurasa wa nne ulisema: "Mkusanyo wa koo 212 umehifadhiwa na unapatikana kwa watafiti wote." Alikata 212, akaandika 34. Ripoti ikarudi safi, na 212 yake. Akakata tena. Ikarudi tena.

"Sentensi haina uongo," mkuu alimwambia. "Vilihifadhiwa. Vimehifadhiwa pamoja."

Mkataba mpya wa mtafiti ulikuwa juu ya meza hiyohiyo, ukisubiri saini ya mkuu. Hakuna aliyesema kwamba karatasi moja inangoja nyingine, na hapakuwa na haja ya kusema.

Jumatatu tarehe 12 Juni mtafiti alipata barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kingine, aliyekuwa ameona orodha ya awali. Aliomba ukoo wa kumi na nne wa kituo cha saba, ule uliovumilia joto kuliko wote. Aliandika kwamba tasnifu yake yote imejengwa juu ya ukoo huo.

Mtafiti alikaa na barua hiyo siku tatu. Alhamisi akaijibu: "Ukoo huo haupo. Ulikufa Machi katika maabara yetu, ulipochanganywa na koo nyingine kwa amri ya mkuu wa maabara. Zilizobaki ni koo 34, na orodha yake nimeiambatanisha." Nakala aliituma kwa mkuu, na nyingine kwa wafadhili.

Mkuu amemjulisha kwa maandishi kwamba hatamwongezea mkataba. Wafadhili wamewaita wote wawili, pamoja na Mzee Chumvi, mbele ya kamati Jumatano tarehe 28 Juni, saa nne asubuhi. Mtafiti atakwenda. Mkataba wake unaisha siku mbili baadaye.